Safu Isiyokuwepo: Familia za Asili Mchanganyiko katika Majarida, Zikitazamwa kutoka Mwanza, 1906–1995

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kwa nini Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, haikupata jarida la wanandoa wa rangi tofauti na familia zao, ilhali Marekani ilipata majarida ya namna hiyo kuanzia mwaka 1989. Hoja inayotetewa ni kwamba jarida la aina hii halizaliwi na wingi wa ndoa hizo, wala na chuki dhidi yake peke yake. Huzaliwa pale dola inapowahesabu watu kwa rangi, ikawagawia haki kwa hesabu hiyo, kisha familia fulani zikakosa safu ya kuandikwa. Mwanza na wilaya jirani ya Geita zimechaguliwa kuwa mahali pa kuipima hoja hiyo.

Utangulizi

Ukitamka "ndoa ya mseto" mbele ya waumini wa Mkolani, watakachoelewa ni ndoa ya Mkatoliki na mtu wa dhehebu jingine. Rangi ya ngozi haimo katika maana hiyo. Kwa mtafiti wa historia ya rangi hili si jambo dogo, kwa kuwa neno ambalo lingeweza kubeba mjadala mzima wa rangi limekwisha kuchukuliwa na dini, na hakuna aliyejitokeza kulidai. Yaliyobaki ni majina ya watoto: chotara, shombe, suriama, na hafukasti lililoachwa na Mwingereza. Chotara ndilo linalovumilika zaidi. Shombe ni tusi. Suriama lina historia yake ambayo tutaigusa hivi punde. Yote haya humtaja mtoto. Kiswahili hakikujishughulisha kuwapa jina wanandoa wenyewe, wala nyumba yao.

Mkolani haikuchaguliwa kwa sababu ya makazi ya mwandishi tu. Kata hii, iliyo kwenye barabara itokayo mjini Mwanza kwenda Shinyanga, haiko mbali na Nyegezi, ambako mwaka 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha chuo cha mafunzo ya jamii kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Uandishi wa habari ulifundishwa pale vizazi na vizazi. Eneo hili, kwa hiyo, halikukosa kalamu, wala Mwanza haikukosa mchanganyiko wa watu. Tangu reli ilipofika mwaka 1928, bandari na biashara ya pamba viliwaweka Wasukuma, Wahindi, Waarabu, Wagoa, Wasomali na Wazungu katika mitaa inayotazamana. Swali ni kwa nini vitu viwili hivyo, kalamu na mchanganyiko, havikukutana katika jarida.

Jarida lililowapinga

Mjadala wa kwanza wa majarida kuhusu familia hizi katika nchi yetu uliendeshwa na waliotaka zisiwepo. Mwaka 1905 watawala wa Kijerumani walipiga marufuku ndoa za Wazungu na Waafrika huko Afrika ya Kusini Magharibi. Mwaka 1906 marufuku kama hiyo ikafika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1912 ikafika Samoa. Sababu yake ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya hisia. Kwa sheria ya uraia ya Ujerumani ya mwaka 1870, mke alifuata uraia wa mumewe na watoto wa ndoa wakaufuata wa baba yao. Mwanamke wa Bukoba au wa Mwanza ambaye angefungishwa ndoa halali na Mjerumani angekuwa Mjerumani, na wanawe wangekuwa na haki ya kurithi, kushtaki na kupiga kura. Hawara hakuleta tatizo hilo. Marufuku, basi, haikugusa kitanda bali cheti. Bunge la Ujerumani lenyewe halikuafiki kikamilifu, na mwaka 1912 lilipitisha azimio la kutaka ndoa hizo zitambuliwe, ingawa serikali haikulitekeleza.

Hapo ndipo jarida lilipoingia kazini. Umoja wa wanawake uliofungamana na Chama cha Kikoloni cha Ujerumani ulikuwa na jarida lake, Kolonie und Heimat, lenye picha nyingi na lugha ya nyumbani: mapishi, bustani, malezi, barua kutoka makoloni. Lora Wildenthal, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu wanawake wa Kijerumani na dola, ameonyesha kwamba umoja huo uliona kupelekwa kwa wasichana wa Kijerumani makoloni kuwa dawa ya ndoa za mchanganyiko. Tunapaswa kulizingatia umbo lake. Lilikuwa jarida la familia. Mbinu ambazo miaka themanini baadaye zingetumika Marekani kuitetea familia ya rangi mbili, yaani picha ya mama na mtoto, ushauri wa jikoni na barua ya msomaji, zilitumika hapa kuizuia isizaliwe.

Ndani ya harakati hiyo alikuwamo mtu ambaye historia ya Zanzibar haina budi kumtambua. Antonie Brandeis, aliyechapisha mwaka 1907 kitabu cha mapishi kwa ajili ya nchi za joto na kushiriki katika shughuli za wanawake wa kikoloni, alikuwa binti wa Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Salme mwenyewe alizaliwa na suria wa Kicherkesi. Kwa fiqhi na desturi ya Unguja jambo hilo halikumpunguzia kitu: mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake ni huru, na nasaba yake ni ya baba. Hiyo ndiyo historia iliyomo katika neno suriama, kabla halijageuzwa kuwa kejeli. Binti wa Sultani akavuka bahari akiwa na nasaba kamili, na kizazi kimoja tu baadaye binti yake akawa anatumikia harakati iliyohesabu damu kwa kipimo kingine kabisa. Sioni haja ya kumhukumu Antonie. Alizaliwa Hamburg, akaolewa na afisa wa kikoloni, akaishi alipoishi. Lakini maisha ya mama na binti yanatuonyesha mifumo miwili ya kumpa mtoto mahali pake, na jinsi mmoja ulivyoumeza mwingine.

Jedwali la Mwingereza

Waingereza hawakupiga marufuku ndoa. Walifanya jambo la utulivu zaidi: walizihesabu pande zake. Katika sheria za Tanganyika mtu alikuwa mwenyeji au si mwenyeji, na neno hilo moja likaamua kodi atakayolipa, mahakama itakayomsikiliza, ardhi atakayoitumia na mkopo atakaoupata. Sheria ya mwaka 1923 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ni mfano mzuri, kwa kuwa ilimfanya mfanyabiashara aogope kumkopesha Mwafrika deni ambalo hangeweza kulidai mahakamani. Shule nazo ziligawanywa kwa rangi hadi mfumo mmoja wa elimu ulipoanza mwaka 1962.

Mweke sasa mtoto wa mwenye duka wa Kihindi na mama wa Kisukuma katika mji kama Mwanza. Takwimu za serikali za baada ya Vita Kuu ya Pili ziliwatenga wasio wenyeji katika safu za Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na Wasomali, pamoja na safu nyembamba ya machotara. Safu hiyo ilikuwa nyembamba kwa sababu ya namna watu walivyoingizwa. Mtoto aliyelelewa kwa bibi yake kijijini, akaitwa jina la Kisukuma na kuishi kama jirani zake, alihesabiwa kuwa mwenyeji, na hakuna karani aliyemtafuta. Aliyekubaliwa na baba yake, akavaa na kusali kama yeye, aliingia katika safu ya baba. Safu ya machotara ikabaki ya wale ambao hawakupokelewa kikamilifu na upande wowote.

Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba, ikiwa safu ilikuwepo, hoja ya makala haya imeanguka, maana jarida halikutokea. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake linapatikana kusini. Huko Nyasaland mahakama iliamua mwaka 1929 kwamba chotara si mwenyeji, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha watu wenye asili ya Kiingereza na Kiafrika. Christopher Lee, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu Nyasaland na Rhodesia zote mbili, ameeleza jinsi watu hao walivyoandika malalamiko na madai wakisisitiza ukoo wa baba ili wapate shule na unafuu wa kodi. Safu ilipokuwa na faida ndani yake, watu waliipigania kwa maandishi. Tanganyika safu ilikuwepo lakini ilikuwa tupu kwa faida. Mtu aliyetaka haki zaidi aliikimbilia jamii ya baba, na aliyetaka amani akarudi kwa mama. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kusimama katikati na kuita wenzake.

Tuongeze jambo la kawaida ambalo wanahistoria wa fikra hulisahau: lugha. Magazeti ya Wahindi yaliandikwa kwa Kigujarati na Kiingereza. Ya Waafrika, tangu Mambo Leo la serikali mwaka 1923 hadi Kwetu la Erica Fiah mwaka 1937, yaliandikwa kwa Kiswahili. Katika nyumba ya rangi mbili baba na mama mara nyingi hawakuweza kusoma gazeti moja hata kama wote walijua kusoma. Jarida la familia huhitaji kwanza familia inayosoma pamoja.

Geita, 1958

Katika miaka ya 1950 palitokea jambo lililofanya hata wazo la mchanganyiko liwe gumu kutamkwa Kanda ya Ziwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tukio hili husimuliwa zaidi kama sura ya kupigania uhuru na halihusishwi na historia ya familia.

Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa na sera ya uwakilishi wa rangi zote. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956, kilibeba bendera ya sera hiyo. Juu ya karatasi ilionekana kuwa udugu. Kwa hesabu ilikuwa na maana kwamba watu wachache mno wa jamii mbili walipata viti sawa na mamilioni ya Waafrika. Geita ilichaguliwa kuwa mahali pa kuijaribu sera hiyo katika ngazi ya wilaya, kwa kuanzishwa baraza lenye wajumbe wa rangi zote. Wananchi walikataa. Walikuwa wakulima wa pamba waliokwisha kuona, kupitia vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, kwamba wanaweza kupima na kuuza pamba yao bila dalali wa Kihindi. TANU ilikuwa imenyimwa usajili Usukumani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1958 maelfu walitoka Geita wakaja Mwanza kutaka kusikilizwa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. G. Andrew Maguire, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 bado ndicho rejea kuu ya siasa za Usukuma, amelieleza tukio hilo kwa kina. Hatimaye serikali iliachana na mpango huo.

Maguire hakuwa akiuliza swali letu, nasi hatuwezi kumlaumu. Lakini tukilisoma tukio lake kwa jicho la familia, tunaona kwamba kwa kizazi kizima cha watu wa Ziwa, maneno "rangi zote pamoja" yalisikika kama hila ya mkoloni ya kumpokonya Mwafrika baraza lake. Ni nani, mwaka 1959, angechapisha Mwanza jarida la kusifu mchanganyiko wa rangi bila kudhaniwa mtu wa UTP? Kwa maoni yangu hapa ndipo mlango ulipofungwa, na ulifungwa na watu waliokuwa na haki ya kufanya hivyo. Kwamba mwanamke wa Kisukuma aliyezaa na Mhindi alijikuta nyuma ya mlango huo pamoja na mwanawe ni gharama ambayo haikuandikwa mahali popote.

Mwaka 1967, pande mbili za bahari

Julius Nyerere aliliona tatizo hilo kutoka upande wa sheria. Alipokuwa mwanafunzi Edinburgh aliandika insha kuhusu tatizo la rangi Afrika Mashariki. Oktoba 1961 Bunge lilipojadili muswada wa uraia na baadhi ya wajumbe kutaka uraia uwe wa Waafrika, alikataa kabisa kuufungamanisha na rangi, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Januari 1963 TANU ilifungua uanachama kwa watu wa rangi zote. Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, ikafanyika sensa ya kwanza baada ya uhuru, nayo ikawa ya mwisho kuuliza kabila na rangi. Sensa ya 1978 haikuuliza, na zilizofuata hazikuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwaweka watu wote chini ya sheria moja, ikitambua ndoa za dini na za mila, bila kusema lolote juu ya rangi za wanaooana.

Mwaka huohuo wa 1967, tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Loving dhidi ya jimbo la Virginia na kufuta sheria za kukataza ndoa za rangi tofauti, ambazo zilikuwa bado zinatumika katika majimbo 16. Ingetarajiwa kwamba huko pia mjadala ungeisha. Haukuisha, kwa sababu Marekani iliendelea kuhesabu. Mtoto wa akina Loving aliruhusiwa kuzaliwa ndani ya ndoa halali, lakini katika fomu ya shule na ya sensa alitakiwa kuchagua rangi moja, yaani kumkana mzazi mmoja kwa alama ya kalamu. Kutokana na fomu hizo vilizaliwa vyama vya wazazi, na mwaka 1989 Candace Mills akaanzisha jarida la Interrace. Miaka kumi baadaye Matt Kelley, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alitoa jarida la MAVIN kwa ajili ya vijana waliozaliwa na wazazi hao. Sensa ya mwaka 2000 iliporuhusu kwa mara ya kwanza kuchagua rangi zaidi ya moja, watu wapatao milioni 6.8 walifanya hivyo. Majarida hayo hayakudumu kama Ebony, lililoanzishwa 1945 na ambalo nalo liliandika sana juu ya ndoa hizo. Yaliishi kadiri ugomvi wa safu ulivyoishi.

Baada ya kuacha kuhesabu

Haifuati kwamba Tanzania ilimaliza tatizo kwa kufuta swali. Septemba 1970, Zanzibar, wasichana wanne wa jamii ya Ithnaasheri wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Serikali ya Mapinduzi. Rais Abeid Amani Karume alilitetea jambo hilo kwa kukumbusha masuria wa Kiafrika wa zama za Usultani. Hoja yake ilikuwa na ukweli wa kihistoria ndani yake, na ndiyo maana inatisha: msichana wa miaka ya 1970 alilipishwa deni la babu zake. Habari hizo zilienea duniani, na neno ndoa ya mchanganyiko likapata doa jingine. Ng'ambo ya Ziwa, Idi Amin alipokutana na viongozi wa Wahindi wa Uganda Desemba 1971 alitaja miongoni mwa malalamiko yake kwamba hawawaozi Waafrika binti zao. Kabla mwaka haujatimia walikuwa wamefukuzwa. Mara zote mbili mtawala aliiita ndoa kuwa kipimo cha uaminifu wa jamii, na mara zote mbili wanandoa wa hiari, waliokuwepo, hawakuulizwa chochote.

Kampala ndiko jarida lililokaribia zaidi suala hili lilikokuwa. Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, liliandika waziwazi juu ya rangi. Mwaka 1967 lilichapisha makala ya Paul Theroux kuhusu chuki dhidi ya Wahindi. Ali Mazrui, Mmombasa aliyefundisha Makerere na aliyekuwa ameoa Mwingereza, alikuwa mmoja wa waandishi wake wakubwa. Hata hivyo lilikuwa jarida la wasomi, la Kiingereza, na kalamu zake ziliigeuza familia kuwa nadharia. Neogy alipotiwa kizuizini mwaka 1968, hata nafasi hiyo ilisinyaa. Bara, gazeti la Standard lilitaifishwa Februari 1970, na katika uandishi wa ujenzi wa taifa jarida la watu wa asili fulani lingeonekana ni ubaguzi. Sikubaliani na hukumu hiyo, lakini naielewa.

Mwanza ilipokuja kuonekana na dunia, ilikuwa kwa filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, kuhusu minofu ya sangara na ndege zilizoibeba. Wanawake weusi na marubani weupe walioonekana humo walikutanishwa na fedha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hiyo hadharani kwa kuuchafua mji na nchi. Katika mabishano hayo, yaliyohusu zaidi silaha na mabaki ya samaki, haikuwepo hata picha moja ya kuweka mezani ya nyumba ya kawaida ya Mwanza yenye wazazi wa rangi mbili, kwa kuwa hakuna chombo kilichowahi kuitunza picha hiyo.

Nyumba hizo zipo, na safu inayozibana leo ni ya uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haimpi. Mtoto wao anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili hadi miaka 18, kisha ni lazima aukane mmoja ili abaki Mtanzania. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, hivyo nyumba iliyojengwa Mkolani na wawili huandikwa jina la mmoja, na siku ya mirathi au ya talaka karatasi humtambua huyo mmoja. Sensa ya mwaka 2022 haikuuliza rangi ya mtu yeyote. Iliuliza uraia.